Doa Kwenye Shuka la Mama

Mimi ni dobi, mtoto wa dobi, na subira sina. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Ukiniletea shati lenye wino ukaniambia ni juisi, nitakuumbua mbele ya foleni nzima, kisha doa nitalitoa, na wiki ijayo utarudi kwangu vilevile. Wateja wamenizoea.

Siku hiyo nilikuwa nampelekea Madoa mapazia yake. Madoa ni mchoraji. Ana jina lake la heshima, wanalijua wanaonunua picha zake, lakini dukani kwetu tulimwita Madoa kwa sababu kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuleta nguo isiyo na rangi. Na ana tabia moja iliyokuwa ikinipandisha presha: akiwa kazini, anajifuta dole gumba la kulia kwenye chochote kilicho karibu. Shati, suruali, pazia, taulo la mgeni. Dole hilo nililijua kuliko sura yake. Nimelitoa kwenye pamba, nimelitoa kwenye sufu, nimelitoa hata kwenye tai aliyoazima.

Chumba chake cha kazi kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Nilipanda na mapazia begani, nikaukuta mlango wazi, nikaingia mdomo ukiwa tayari umefunguka kumlalamikia juu ya zile ngazi. Nikamwona Mama.

Mama alikuwa na miezi minane kaburini. Nilimzika mimi. Sasa alikuwa ameketi mbele yangu kwenye kiti cha mbao, amevaa gauni lake la bluu lenye vifungo vikubwa, shuka jeupe limekunjwa mapajani, ananitazama kwa lile jicho lake la "umechelewa tena". Nilipiga ukelele. Mapazia niliyohangaika nayo siku mbili yalinidondoka, yakaangukia sahani ya rangi mbichi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikujali.

"Mama!" niliita. Jamani, niliita kweli, na nikangoja aitike.

Madoa alitoka mbio chumba cha nyuma, kikombe mkononi. "Dada! Dada, ni picha. Kaa chini kwanza."

"Mama yangu anafanya nini ukutani kwako?"

Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. "Ina maana hakuwaambia?"

"Kutuambia nini?"

Nilikaa. Ndipo akanieleza. Mama alikwenda kwake mwaka uliopita kumrudishia funguo alizosahau kwenye mfuko wa suruali. Akazunguka chumba akikagua picha moja moja vile alivyokuwa akikagua nguo, akamwambia hii umeiharakisha, hii sawa, hii nani kakulazimisha. Madoa akamwomba akae amchore. Mama akakubali kwa sharti moja: hakai mikono mitupu. Kwa hiyo akaja na shuka lake. Alikaa Jumatano sita.

"Jumatano?" nikasema. "Jumatano Mama alikuwa kliniki ya macho!"

Madoa alishindwa kujizuia, akacheka. "Macho ya mama yako yalikuwa mazima kuliko yangu na yako tukichanganya. Kila nilipokosea rangi ya mkono wake aliniambia."

Jumatano sita! Mdogo wangu alikuwa akimvusha barabara kwa mkono, anamwambia pole Mama, na Mama anajipangusa macho makavu kwa leso. Mwanamke ambaye hakuwahi kunidanganya hata umri wake! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya yote mawili kwa pamoja, na mchoraji wa watu akabaki amesimama na kikombe chake, hajui anipe chai au leso.

Lazima muelewe kwa nini nilichanganyikiwa vile. Picha tuliyobaki nayo ya Mama ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, ndogo kama kucha, amekunja uso utadhani amekamatwa. Kamera alizikimbia. Na pembeni ya picha hiyo kuna alama ya dole gumba lake, kwa sababu Mama hakujua kuandika. Kila karatasi ya maisha yake, ya benki, ya kiwanja, ya duka, karani alimshika mkono, akamchovya kwenye wino, akamgandamiza kwenye karatasi. Alichukia hilo kuliko kitu chochote. Akirudi nyumbani alisugua dole mpaka likawa jekundu, anasema wanamchafua kwanza ndipo wanamwita mwenye duka. Hicho ndicho tulichokuwa nacho cha kumkumbukia: uso wa hasira na wino. Hapa kwa Madoa alikuwa mzima, ametulia, na pembe moja ya mdomo imeanza kucheka.

"Nainunua," nikasema.

"Dada, kuna daktari wa meno ameshaiulizia. Anaitaka kwa chumba chake cha wagonjwa wanaosubiri."

"Mama yangu akae anatazamana na watu wanaosubiri kung'olewa magego? Thubutu! Mwambie imeshanunuliwa."

Alinitajia bei, nikakohoa. Akaipunguza, na bado ilikuwa sawa na bei ya ile pasi kubwa ya mvuke niliyokuwa naiwekea akiba miaka miwili. Nikasema pasi itangoja. Sikujua kama picha iliyochorwa kwa mkono inaweza kugharimu hivyo, lakini nguo iliyoshonwa kwa mkono najua bei yake, kwa hiyo sikubishana sana. Nilibishana kidogo tu, kwa heshima ya Mama.

Siku ya kuichukua alinikalisha kwenye kiti kilekile cha mbao na kunipa masharti yake.

"Rangi ya mafuta inakauka juu, ndani bado. Sijaipaka vanishi. Niletee baada ya miezi mitano niipake. Mpaka siku hiyo haina kinga yoyote, unanielewa? Usiitundike panapopigwa na jua. Usiitundike dukani, mvuke utaiharibu. Vumbi unalifuta kwa brashi laini, kavu. Maji hapana. Sabuni hapana. Na zile dawa zako za madoa, dada yangu, nakuomba kwa magoti, hapana kabisa."

"Nimesikia."

"Na kuhusu hilo shuka alilolishika..."

"Ala! Sasa unataka kunifundisha shuka? Mimi?"

Aliinua mikono juu. Kanijua miaka kumi na moja, anajua nikishawaka siambiliki. Alichukua bahasha, akaichomeka nyuma ya picha, kati ya fremu na turubai alilochorea. "Basi yote yamo humu. Soma, tafadhali. Soma mpaka mwisho."

Nikamwambia nitasoma. Nilidhani ni yaleyale ya jua na vumbi, na hati ya kuthibitisha kwamba picha ni ya mkono wake. Mama alinisomesha kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni ili mtu asije akanishika mkono mimi na kunichovya kwenye wino. Bahasha ile sikuifungua.

Mdogo wangu tunamwita Kasuku, kwa sababu anaongea hata akiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Nilipoifunua picha ile sebuleni, nyuma ya duka, alinyamaza. Nilihesabu mpaka nikaogopa. Kisha akaketi sakafuni na kusema, "Kliniki ya macho! Nimemshika mkono mwanamke huyu kuvuka barabara Jumatano sita! Nimemnunulia na miwani!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka kilio kikaja chenyewe, nami nikamfuata.

Tulimtundika Mama ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Niliuchunguza mwanga wa chumba kile asubuhi na jioni, nikamhamisha mara mbili kwa sababu jua la alasiri lilikuwa linamfikia begani. Nilinunua brashi laini ya poda, mpya, ya kazi hiyo tu. Kila Ijumaa nilimpiga vumbi kutoka juu kwenda chini. Kasuku alimpa habari zote za siku, nani kaleta nini, nani kapoteza kifungo, nani kaachana na nani. Nyumba ilirudi kuwa na mtu.

Wiki ya pili nikaliona doa.

Lilikuwa kwenye lile shuka jeupe, kona ya chini kulia, pale linaponing'inia gotini. La kahawia, ukubwa wa harage. Mtu mwingine angepita asilione. Mimi nikishaliona doa, silioni kitu kingine.

Sasa niwaambie habari ya Mama na madoa. Mama alikuwa na amri moja dukani: doa lisilale. Kilichoingia na doa mchana, doa linashughulikiwa mchana huohuo, uwe umechoka, uwe unaumwa. Ukimaliza, unampelekea nguo. Anaichukua, anakwenda nayo dirishani, anaigeuza kwenye mwanga, anaitafutia kosa. Akilikosa, anasema neno moja: "Safi." Hakuna asante, hakuna umefanya vizuri. Watu walimwita Mama Safi kwa ajili ya neno hilo, lakini sisi watoto wake tulilipata kwa shida kuliko mshahara. Mimi aliniambia mara chache, nazikumbuka zote na nguo zenyewe. Kasuku hakuwahi kumwambia. Miaka yote ile, kila nguo ya Kasuku ilionekana na kitu: uzi, kivuli, mkunjo. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyeanza kusimama dirishani, na Kasuku ananiletea nguo na kusimama pembeni akingoja. Nami, Mungu anisamehe, nimekuwa bahili wa neno lile kama Mama mwenyewe.

Na sasa Mama Safi huyuhuyu alikuwa amekaa ukutani, wageni wanamwona, ameshika shuka chafu.

Mwenye doa nilimjua palepale. Rangi, kidole, kona ya kitambaa cheupe: nani mwingine? "Kajifuta kwa Mama!" nilimwambia Kasuku. "Hana haya! Amekosa shati, kajifuta kwa Mama!"

"Mpigie simu umuulize, dada."

"Nimuulize nini? Kama dole ni lake? Nimelifua miaka kumi na moja!"

"Lakini alisema usiguse."

"Ndiyo maana sigusi."

Na kweli sikugusa. Nilijikaza miezi minne na zaidi. Nilikula nimeipa picha mgongo. Kasuku alinitania kwamba siku nikiingia mbinguni nitaanza kwa kukagua mashuka. Lakini siku ya vanishi ilipokuja, asubuhi, wazo lilinijia nikiwa namshusha ukutani: vanishi ikishapakwa, doa litazibwa humo ndani moja kwa moja. Litakaa kwenye shuka la Mama maisha yote, yangu na ya watakaonirithi. Leo ndiyo siku ya mwisho.

Sikuwa mjinga, msinifikirie hivyo. Nilifanya kazi kama inavyofanywa. Nililaza picha kwenye meza ya kupigia pasi, juu ya blanketi. Nilichukua kitambaa cheupe cha pamba, nikakifunga kwenye kidole, nikakidondoshea tapentaini kidogo sana. Nilijaribu kwanza ukingoni, mahali panapofichwa na fremu, nikaona rangi haitoki. Ndipo nikaenda kwenye doa. Doa halisuguliwi, linagongwa, polepole, kutoka nje kuelekea katikati. Lilikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Lilihamia kitambaani karibu lote kwa mara moja, na chini yake weupe wa shuka ukatoka bila mkwaruzo.

Nilimbeba Mama mpaka dirishani, nikamgeuza kwenye mwanga. "Safi!" nilisema kwa sauti, na nusura nimsikie yeye. Nilikuwa na furaha ya kipuuzi. Kitambaa nilikiacha mezani, nikaifunga picha kwenye shuka, nikamwambia Kasuku naenda kwa Madoa, naye akaniitikia na vibanio vyake mdomoni. Zile ngazi za ghorofa tatu nilizipanda bila kulalamika.

Madoa alikuwa amejiandaa. Madirisha ameyafunga vumbi lisiingie, brashi pana ameiweka tayari, shati jipya ameshalichafua. Akaifungua picha, akautazama uso wa Mama, akatabasamu.

"Umemtunza, dada. Hata vumbi hana."

Nilivimba kichwa. Akaendelea kushuka na macho yake: bega, vifungo, mikono. Akafika kona ya chini na tabasamu likamtoka. Alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena. Akasogeza taa. Akapitisha kidole hewani juu ya shuka, bila kugusa, mara mbili.

"Dada," alisema taratibu. "Kilichokuwa hapa kiko wapi?"

"Dole lako? Nimelitoa." Nilicheka. "Wala sikutozi."

Hakucheka. Aliigeuza picha. Bahasha ilikuwa palepale alipoichomeka, imefungwa vilevile. Aliichomoa, akaichana mwenyewe, akatoa karatasi na kunipa.

"Soma."

"Nisome nini tena, si umeshani..."

"Soma!"

Miaka kumi na moja nimemgombeza mtu yule na hajawahi kunipandishia sauti. Nikasoma. Juu yalikuwa yaleyale: mafuta juu ya turubai, mwaka, jua, vumbi, vanishi. Nikashuka. Chini kabisa aliandika hivi:

"Kona ya kushoto, sahihi ya mchoraji. Kona ya kulia, kwenye shuka, sahihi ya mama mwenyewe, kwa dole gumba lake. Aliiweka siku ya mwisho kwa hiari yake. Tafadhali isiguswe. Alisema: hili liacheni lilale."

Nilisoma tena. Maneno yalikuwa rahisi, mtoto angeyaelewa, na hayakuniingia. Niliyasoma mara ya tatu kwa sauti, na nilipofika "hili liacheni lilale" niliisikia sauti yake Mama.

"Hapana," nikasema. "Lile lilikuwa lako. Ni lako, mimi nakujua!"

"Halikuwa langu." Aliketi kwenye ngazi ndogo ya kupandia, rangi imemwisha usoni. "Siku ya mwisho nilikuwa naandika jina langu. Akaniuliza, unaandika nini hapo? Nikamwambia, jina langu, ili watu wajue ni kazi yangu. Akasema, na mimi niliyekaa Jumatano sita mgongo ukiniuma, kazi si yangu? Nikamsogezea rangi, nikamwambia chagua. Akachagua kahawia. Nilitaka kumshika mkono nimwelekeze, akanipiga kofi mkononi. Akachovya mwenyewe, akaweka mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa. Nikampa kitambaa cha kujifutia, akakikataa. Akaondoka na dole lake hivyohivyo."

Mungu wangu. Nilikumbuka. Nilikumbuka Jumatano ile! Alirudi nyumbani na dole la kahawia, nikamuuliza Mama umeshika nini, akasema dawa ya kliniki. Na hakulisugua. Mimi, ninayejifanya naona kila doa, nilimwona Mama anakula chakula cha usiku na dole chafu, ametulia, na sikujiuliza.

Madole mengine yote alishikwa mkono. Hili moja aliliweka mwenyewe. Na mimi ndiye niliyeligonga kutoka nje kuelekea katikati, kwa ustadi, kama alivyonifundisha.

"Lirudishe," nilimwambia Madoa. Nilimshika mkono wa shati. "Wewe ni fundi. Lirudishe!"

"Naweza kuchora doa pale hata wewe usijue tofauti," alisema. "Lakini safari hii litakuwa langu kweli."

Nililia mbele yake bila aibu. Nililia kwa kelele, mpaka yule wa vipuri vya baiskeli akapanda kuuliza kama kuna msiba. Madoa akamrudisha. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ulilitoa kwa dawa gani?"

"Tapentaini."

"Kwa kitambaa?"

"Cheupe. Cha pamba."

"Lini?"

"Leo asubuhi, kabla sijaja."

"Kiko wapi?" Alikuwa ameshasimama. "Dada, rangi ile ilikuwa nyepesi na ilikaa juu juu. Haikupotea, imehamia. Ni ileile aliyoigusa. Kilete hicho kitambaa kama kilivyo, usikikunje. Tutakiweka kwenye kioo, nyuma ya picha yake. Halitakuwa na umbo, lakini litakuwa lake."

Sijui nilishukaje ngazi. Kiatu kimoja kilinivuka, nikakiokota nikakimbia nacho mkononi. Nilimpigia Kasuku simu nikiwa barabarani, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita. Mashine zikiwa zinazunguka, Kasuku hasikii hata king'ora. Nilimwomba Mungu, nilimwomba Mama, nilimwomba Kasuku mwenyewe awe anapiga soga na wateja kama kawaida yake, awe amezembea, awe amevunja amri leo tu. Watu walinipisha njia. Mwanamke wa umri wangu, analia, kiatu mkononi, nani asingepisha?

Niliingia dukani nikipitia chini ya kaunta. Meza ya pasi ilikuwa tupu. Imepanguswa.

"Kasuku! Kitambaa kiko wapi?"

Alitokea uani, mikono imelowa, vibanio vitatu mdomoni, na uso unang'aa. Alivitema vibanio mkononi. "Kumbe ulikiacha makusudi! Nilijua tu unanipima. Ngoja." Akarudi uani kabla sijafungua mdomo, akaja nacho, kimekamuliwa, bado kinatoa mvuke.

"Rangi ya mafuta, dada! Ilikuwa imeshika. Nimeanza na dawa yako, ikagoma. Nikaipiga sabuni ya mche, nikakichemsha, nikarudia tena. Nusura nikate tamaa, nikasema, thubutu, halilali. Kitazame."

Alinipa. Kisha akasimama pale pembeni anaposimama kila siku, akafuta mikono kwenye aproni, akangoja.

Nilikwenda dirishani. Sikujua la kufanya jingine, miguu ilikwenda yenyewe. Nikakinyoosha, nikakigeuza kwenye mwanga. Nilitafuta. Hakuna mtu aliyewahi kutafuta kosa kwenye kitambaa nilivyotafuta mimi mchana ule. Nilitafuta uzi mmoja wa kahawia. Nilitafuta kivuli, ukingo, chochote. Nilikigeuza upande wa pili nikaanza upya. Hakukuwa na doa. Mama mwenyewe asingepata kitu. Ilikuwa ndiyo kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya mdogo wangu, na alilijua hilo, nilimsikia nyuma yangu amezuia pumzi.

"Dada?" alisema, kwa sauti ndogo ambayo si yake. "Kuna kitu?"

Niligeuka nikamtazama, na mikono yake imechubuka kama ya Mama.

"Safi," nikasema.

Kasuku alijishika mdomo. Kisha akaruka, kweli aliruka, mtu mzima na miaka yake arobaini, akanikumbatia na kuniachia, akanipokonya kitambaa, akaenda nacho dirishani akakitazama mwenyewe kwenye mwanga, akicheka huku machozi yanamtoka.

"Na lilivyokuwa king'ang'anizi!" alisema. "Lilikuwa la nani?"